Mti wa Kwinini

Katika milima mirefu ya Andes, upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, kuna mti usiopukutisha majani yake mwaka mzima. Jina lake ni mkwinini. Majani yake humeta, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Maua yake ni madogo, meupe au mekundu kidogo, yenye harufu nzuri. Kwa ukoo mti huu ni ndugu wa mbuni. Walakini thamani yake haimo katika tunda wala katika mbao, bali katika gome, na gome hilo ni chungu kama shubiri.

Katika karne ya 17 mapadre Wajesuti waliokaa Peru walijua ya kuwa gome hili, likikaushwa na kusagwa, huiondoa homa ya vipindi, yaani malaria. Wakalipeleka Roma, mahali ambapo homa hiyo iliua watu wengi kila mwaka. Kuna hadithi ya mke wa liwali wa mfalme wa Hispania, Bibi wa Chinchón, ya kuwa aliponywa kwa unga huo. Wanachuoni wa siku hizi hawaisadiki. Lakini Linnaeus aliisadiki, na mwaka 1742 akauita mti ule Cinchona, akaiacha herufi moja ya jina la bibi.

Uingereza watu wengi waliukataa unga huo kwa sababu uliletwa na Wajesuti. Basi mtu mmoja, jina lake Robert Talbor, akafanya werevu. Hadharani aliwaonya watu wajihadhari nao, na kwa siri akauchanganya na mvinyo, akawaponya wakubwa, hata mfalme Charles II. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, akainunua siri ile kwa fedha nyingi, kwa sharti isitangazwe mpaka Talbor afe. Akafa mwaka 1681, na mwaka uliofuata siri ikafunuliwa: dawa yake ilikuwa gome lile lile.

Hata hivyo waganga walikuwa na shida kubwa. Gome moja lina dawa nyingi, jingine lina kidogo, na wafanya biashara wadanganyifu walichanganya magome ya miti mingine. Mgonjwa aliyepewa kipimo kile kile leo angepona, na kesho angekufa. Ilipasa kuitoa dawa yenyewe ndani ya gome. Kazi hiyo ilifanywa Paris mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, nao dawa waliyoipata wakaiita kwinini.

Kwinini ni ya jamii ya vitu viitwavyo alkaloidi. Molekuli yake moja ina atomu 20 za kaboni, 24 za hidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Tabia ya alkaloidi ni kuungana na asidi na kufanya chumvi, na hiyo ndiyo njia ya kuitoa. Gome lililosagwa huchanganywa na chokaa na maji, na chokaa huiachilia kwinini kutoka katika asidi za mti zilizoishika. Kisha hutiwa mafuta mepesi, nayo kwinini huingia katika mafuta. Mafuta hayo hutikiswa pamoja na maji yenye asidi ya salfuri kidogo; kwinini huungana na asidi, huyaacha mafuta na kuhamia majini. Baadaye asidi iliyozidi hupunguzwa, na maji yakipoa, chumvi ya kwinini huganda, ikawa vijisindano vyeupe. Maji yenye kwinini na asidi hiyo, yakiwekwa juani, hutoa mwanga wa buluu, ingawa yenyewe hayana rangi.

Gome hilo lina alkaloidi nyingine pia. Moja ni kwinidini, yenye atomu zile zile kwa hesabu ile ile, ila zimepangwa kwa namna nyingine. Kama mikeka miwili ya ukindu mmoja iliyosukwa kwa mitindo mbalimbali. Hiyo imetumika kutuliza moyo usiopiga sawasawa.

Mwaka 1880, huko Algeria, mganga Laveran aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Vijidudu hivyo huingia katika chembe nyekundu za damu na kula kilichomo. Mabaki ya chakula hicho ni sumu kwao wenyewe, nao huyageuza kuwa fuwele zisizodhuru. Wataalamu husema ya kuwa kwinini huizuia kazi hiyo, na vijidudu hufa kwa sumu ya chakula chao.

Mbegu za mkwinini ulio bora zilikusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, akampa bwana wake, Mwingereza Charles Ledger. Mwaka 1865 Waholanzi walinunua baadhi yake, wakazipanda Java, na miti ile ikatoa kwinini nyingi kupita yote iliyojulikana. Mamani alipotumwa tena, alikamatwa, akafungwa na kupigwa, akafa. Aina hiyo ya mti iliitwa kwa jina la Ledger.

Wajapani walipoitwaa Java mwaka 1942, mataifa mengi yalikosa kwinini. Tanganyika ilikuwa imekwisha onja dhiki kama hiyo: katika vita ya 1914 hadi 1918 Wadachi, walipozuiwa baharini, walitengeneza kwinini kwa magome ya miti waliyoipanda Amani, katika milima ya Usambara.

Kwinini si dawa ya kuchezewa. Ikizidi kidogo, masikio huvuma, kichwa huuma na tumbo huchafuka. Ikizidi sana hupofusha, hata kuua. Kwa hiyo siku hizi malaria hutibiwa kwanza kwa dawa zitokanazo na artemisia, mmea wa China, na kwinini huwekwa kwa haja maalumu. Mikwinini ingali ikilimwa katika milima ya Kivu, huko Kongo. Mti hukatwa, ukachunwa gome, nalo gome likaanikwa. Na kisiki kikiachwa huchipua tena.