Usisukume, Noa

Maandiko ya kusoma: Mhubiri 10:10, Mithali 27:17, Zaburi 52:2

Somo la wiki hii sikulipata kwa semina. Nililipata kando ya kitanda cha baba yangu, nikiwa na wembe mkononi.

Mzee alikuwa na wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, uliotengenezwa Sheffield huko Uingereza. Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Mzee hakukubaliana na methali hiyo hata kidogo! Hakuna mtoto aliyeugusa. Alijinyoa nao miaka yote, hadi kiharusi kikamshika na mkono wa kulia ukalegea. Kazi ya kumnyoa ikawa yangu.

Jumapili moja nilikuwa mbioni, maana nilipangiwa kuongoza maombi ibada ya kwanza. Nikautoa wembe kwa kasha jinsi ulivyokuwa, nikampaka Mzee sabuni, nikaanza. Ukavuta ndevu badala ya kukata. Nami nikafanya kile wengi wetu hufanya: nikaongeza nguvu. Damu ikatoka chini ya taya.

Mzee hakupiga kelele. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue, lakini maneno mawili yalitoka wazi: "Usisukume. Noa."

Akaonyesha kwa mkono wa kushoto ule mshipi wa ngozi ukutani. Nikauleta. Akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukanoa. Nilifika kanisani mwenzangu ameshaongoza maombi, na kanisa halikuanguka.

1. Makali huisha kwa kazi

Ukingo wa wembe ni mwembamba sana. Kila ukikata ndevu hupinda kidogo kidogo, na ukiachwa na maji huliwa na kutu. Kwa macho huoni tofauti, chuma kinang'aa vilevile. Anayejua ni yule anayenyolewa.

Ndivyo ilivyo kwa mtumishi. Anaimba, anahubiri, anang'aa, lakini watu wa nyumbani kwake wanavutwa na kuumia. Mhubiri anatufundisha kwamba chuma kikiwa butu na mtu asikinoe, itambidi atumie nguvu zaidi, lakini hekima humfaa mtu. Ukiona unaongeza sauti kwa mke, kwa watoto, kwa kwaya, jiulize: ni wao wagumu, au ni mimi nimekuwa butu?

2. Kuna ngozi, kuna jiwe

Ngozi ni ya kila siku, kabla ya kunyoa. Unalaza wembe bapa, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, bila kuukandamiza, mara 30 hivi kwenda na kurudi. Ngozi hunyoosha ukingo uliopinda. Ukitanguliza makali utakata mshipi wenyewe.

Jiwe ni la mara chache, baada ya miezi. Linatiwa maji, mgongo na makali vyote vinaligusa, na hapa makali ndiyo hutangulia. Jiwe huondoa chuma.

Maombi ya asubuhi na Neno ni ngozi. Ndugu anayekuambia ukweli ni jiwe, kama Mithali isemavyo juu ya chuma kunoa chuma. Jiwe linauma, mpendwa, lakini asiyepita kwa ngozi kila siku atahitaji jiwe mapema.

3. Tusitupe haraka

Mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya kifaa cha kunyolea chenye wembe wa kutupa. Ni kitu kizuri, hata mimi hutumia safarini. Shida ni pale tunapoipeleka tabia hiyo kwa ndoa, urafiki na huduma: ikianza kuvuta, tunatupa, tunatafuta nyingine. Wembe wa Mzee ulidumu kwa sababu aliosha, akakausha, akapaka mafuta kidogo, ndipo akaurudisha kwa kasha. Kila siku.

4. Makali si ya kujeruhi

Zaburi 52 inafananisha ulimi wa hila na wembe mkali. Kwa hiyo makali peke yake hayatoshi. Kwanza maji ya moto yalainishe ndevu, kisha povu, kisha uvute ngozi ya shavu, wembe uinamie kiasi, upite kufuata ndevu zinavyoota. Mkono uwe mwepesi. Kabla ya kumwambia mtu ukweli, je, umemlainishia kwa upendo?

Na neno la kawaida kabisa: usiazimane wembe na mtu. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini hupita kwa damu, na kunoa hakuui virusi.

Mzee ameshapumzika. Wembe uko kwangu. Jumamosi jioni mwanangu hunishikia ncha ile nyingine ya mshipi, na mara nyingi hapo ndipo ananiambia mambo ambayo sikuwa nimeyasikia wiki nzima.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Ni wapi wiki hii umetumia nguvu mahali pa kunoa?
2. Nani ana ruhusa ya kuwa jiwe kwako?
3. Ni uhusiano gani unataka kuutupa, ilhali unahitaji kunolewa?

Tuombe: Bwana, tunapoanza kuvuta na kuumiza, tupe unyenyekevu wa kusimama na kunolewa. Amina.