UMBALI NI MMOJA, MUDA NI MBALIMBALI: Safari ya London na Nairobi

Mtu akiulizwa London ni mbali kadiri gani na Nairobi, pengine hujibu kwa maili, pengine kwa saa. Majibu yote mawili yafaa, lakini si jambo moja. Na ayachanganyaye hupata wasiwasi bure.

Tuanze na umbali. Ukinyosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka mji mmoja hata wa pili, utapata kilometa zipatazo 6,800, yaani maili 4,250 hivi. Hesabu hiyo haibadiliki. Vibadilikavyo ni njia na chombo.

Hapo kale meli za Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, njia ikafupishwa. Mwaka 1899 reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi, na msafiri aliyeshuka melini hakuhitaji tena kwenda bara kwa miguu. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hata Mwanza, kwa siku zipatazo kumi. Mwaka 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet ilichukua abiria kutoka London hata Johannesburg, mbali kupita Nairobi, kwa muda usiotimia siku moja.

Lakini njia ikizibwa, safari hurefuka tena. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa sababu ya vita mwezi wa Juni 1967, usifunguliwe hata Juni 1975. Kwa miaka minane hiyo meli ziendazo baina ya London na Mombasa zilizunguka Rasi, na kila safari ikaongezeka maili zaidi ya elfu mbili.

Siku hizi ndege kubwa hukata kilometa 900 hivi kwa saa. Gawanya 6,800 kwa 900, utapata saa saba na nusu. Mbona basi safari huchukua karibu saa tisa? Sababu ni kwamba ndege hungoja zamu yake uwanjani, hupanda na kushuka polepole, haifuati mstari ulionyoka kabisa, na pengine hukutana na upepo wa mbele.

Sasa tuitazame saa ya ukutani. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na jua hutufikia sisi kwanza. Kwa hiyo saa ya Nairobi huitangulia ya London kwa saa tatu wakati wa baridi huko, na kwa saa mbili wakati wa joto.

Tuseme kijana aondoka Nairobi saa tano ya usiku, mwezi wa Januari, kwenda masomoni. Baada ya saa tisa, kwetu ni saa mbili asubuhi, lakini yeye ashuka London saa kumi na moja alfajiri. Mzazi akiambiwa "nitafika saa kumi na moja," akaihesabu kwa saa ya nyumbani, atakaa saa tatu akidhani mwanawe amepatwa na jambo. Akirudi mwezi huo huo, akaondoka London saa nne asubuhi, atashuka Nairobi saa nne ya usiku: saa ya ukutani yaonyesha kumi na mbili, na angani amekaa tisa tu.

Basi, msomaji, uambiwapo saa ya kufika, uliza kwanza: ni saa ya mji gani?