Somo la Robo Hii: Kumpokea Mgeni kwa Njia ya Mtandao



Mwezi Novemba 1955 Marangu, mwendo mfupi tu kupanda mlima kutoka hapa Himo, ilipokea mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika. Mei 2015 viongozi wa makanisa hayo walirudi kuadhimisha miaka 60 ya mkutano ule. Kwa hiyo kupokea wageni si jambo geni kwetu. Mgeni akija tunafagia uwanja, tunapanga atalala wapi, nani atapika na nani atamsindikiza. Lakini tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga safari, wageni wetu wengi wamekuwa wakija kwa njia ya kompyuta. Hapo ndipo tunaposahau maandalizi, kana kwamba mgeni wa mtandaoni si mgeni.

Somo hili limetokana na yaliyoipata kamati moja ya mradi wa tangi la maji ya mvua katika shule ya chekechea ya usharika. Tunaomba kila kamati ilisome pamoja na kujibu maswali yaliyo mwishoni.

Mikutano miwili iliyoharibika

Ulikuwa mwezi Julai. Niliwaandikia marafiki wetu wa Ujerumani kwamba tutakutana "saa 10". Mimi nilikuwa na maana ya saa 10 alasiri. Wao walielewa 10.00 ya kwao, ambayo kwetu ni saa 5 asubuhi. Wazee wa usharika ule walikaa mbele ya kompyuta wakitusubiri. Sisi tulipofika tulikuta ujumbe wa upole kwamba watajaribu siku nyingine. Tulikuwa tumechelewa saa tano, na kosa lilikuwa langu.

Juma lililofuata tulikutana, lakini likatokea kosa la pili. Mwenyekiti na mimi tuliketi mbele ya kompyuta. Wanakamati wengine walikaa kwenye mabenchi nyuma, hawaonekani wala hawasikiki. Marafiki waliuliza swali moja la maana: kwa nini fedha za awamu ya pili zimekwisha na tangi bado halihifadhi maji? Nilijibu kwa maneno ya ofisini: changamoto, mchakato, utekelezaji. Baada ya siku chache ikaja barua. Kwa heshima zote walisema wamezungumza na ofisi, hawajazungumza na kamati, na kwamba fedha za awamu ya tatu zitasubiri.

Mkutano uliofaulu

Mwezi Oktoba tulijaribu tena. Safari hii aliyeketi mbele alikuwa mama mtunza hazina, na daftari lake la stakabadhi mkononi. Alieleza kwa Kiswahili, mwalimu wa sekondari akifasiri. Fundi alitumia saruji pungufu, ukuta ukapasuka wakati wa masika, kamati ikabomoa sehemu mbovu na kununua mifuko mingine 14. Alionyesha stakabadhi moja moja mbele ya kamera. Kisha akasema bila kuulizwa kwamba kamati nayo ilikosea, maana haikumkagua fundi mapema.

Pakawa kimya. Halafu mzee mmoja upande wa pili akasema kuwa hata kwao paa la kanisa lilivuja mara tu baada ya kukarabatiwa. Watu wakacheka pande zote mbili. Fedha zilitolewa, kwa sharti kwamba kazi ya fundi mpya ikaguliwe kila hatua. Leo watoto wanakunywa maji ya tangi lile.

Tujifunze nini? Mkutano haukufaulu kwa sababu ya mitambo. Ulifaulu kwa sababu mwenye kazi ndiye aliyezungumza, na alisema kweli. Mambo mengine yote yanayofuata ni ya kumsaidia mtu huyo asikike.

Mambo ya kuzingatia

1. Saa. Usiandike "saa 10" peke yake. Andika: "saa 10 alasiri ya Tanzania, yaani 16.00, kwenu ni 15.00." Sisi hatubadilishi saa. Ujerumani hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Majira yao ya joto tunawatangulia kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba; walio Minnesota tunawatangulia kwa saa nane au tisa. Saa 10 alasiri yetu kwao ni asubuhi, lakini wamekwisha kuamka. Usiweke mkutano usiku ili kuwaridhisha wageni, maana mama wa Kilema atapandaje mlima gizani? Wala usiweke siku ya soko.

2. Wasemaji. Chagueni watu watatu au wanne: mtunza hazina, mmoja wa wanaonufaika na mradi, msimamizi wa ujenzi. Kila mmoja apewe dakika tano na ajue mapema atasema nini. Mwenyekiti afungue na kufunga. Anayeshughulikia kompyuta asiwe ndiye anayeongoza mkutano, kwa sababu hawezi kufanya yote mawili vizuri.

3. Lugha. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba pasipo mfasiri, anenaye kwa lugha anyamaze katika kanisa. Nasi tusiitishe mkutano bila mfasiri. Mtu akilazimishwa kusema Kiingereza asichokimudu, husema machache na huonekana anaficha. Kumbukeni kwamba kufasiri huongeza muda mara mbili: mazungumzo ya dakika 30 yatachukua saa nzima. Huduma ya bure ya Zoom hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, hivyo ulizeni kama wageni wana huduma ya kulipia ili wao wafungue kikao.

4. Sauti. Wageni watavumilia picha mbaya, lakini hawatavumilia sauti mbaya. Chumba chenye bati lisilo na dari hakifai msimu wa mvua. Msemaji asogee karibu na kipaza sauti, asiseme kutoka benchi la nyuma. Watu wawili wasifungue mkutano kwa simu zao ndani ya chumba kimoja na sauti ikiwa wazi. Sauti itajirudia na kupiga kelele. Fanyeni jaribio siku moja kabla, chumba kilekile na saa ileile.

5. Umeme na mtandao. Chajini kompyuta na simu tangu asubuhi. Muwe na vifurushi vya kampuni mbili tofauti. Mkutano wa picha unaweza kutumia GB 1 kwa saa au zaidi. Mtandao ukilemea, zimeni picha mbaki na sauti. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukasumbua nchini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo tumeni picha za mradi na mahesabu siku tatu kabla, na mkubaliane tarehe ya akiba.

6. Watoto na fedha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usionyeshe sura ya mtoto wala kutaja jina lake kabla mzazi hajakubali. Kama mchango utaombwa, fedha zipitie akaunti rasmi iliyokwisha kutajwa kwa barua. Namba ya simu ya mtu binafsi isitolewe katikati ya mkutano, hata kama ni ya mchungaji.

7. Baada ya mkutano. Ndani ya siku saba tumeni muhtasari kwa lugha zote mbili: kilichoahidiwa, nani atakifanya, lini. Usomwe pia kwenye matangazo ya Jumapili. Washarika waliotoa mchanga na nguvu zao nao ni wafadhili wa mradi.

Kwa marafiki wetu wa mbali

Tunawaomba mambo matatu. Mkiuliza swali, msubiri mfasiri amalize. Mwiteni mtunza hazina kwa jina, msielekeze kila swali kwa mratibu. Na mkisikia habari ya kosa, pokeeni kama mlivyompokea mama yule. Kamati ikiadhibiwa kwa kusema kweli, mara nyingine italeta picha nzuri tu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mkutano wetu wa mwisho na marafiki, ni nani aliyezungumza? Ni nani aliyepaswa kuzungumza na hakupata nafasi?
2. Je, kuna jambo la mradi wetu ambalo tungeogopa kuulizwa? Tutalieleza vipi kabla hatujaulizwa?
3. Nani kati yetu anaweza kufasiri, na nani anaweza kushughulikia kompyuta?
4. Washarika wetu hupata lini taarifa ya yale tuliyokubaliana na wageni?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa mtandaoni naye aje, atukute tumejiandaa.