Wastani wa Magunia Hautoshi Kuchagua Mbegu

Muuza pembejeo akikusifia mbegu kwamba inatoa wastani wa magunia 15 kwa ekari, mwulize pia msimu mbaya ilitoa mangapi. Wastani hauna jibu la swali hilo.

Tuchukue shamba la mfano ambapo mbegu mbili za mahindi zimepandwa jirani kwa misimu mitano. Ya kwanza imetoa magunia 18, 9, 22, 6 na 20 kwa ekari. Ya pili imetoa 15, 13, 16, 12 na 14. Ukijumlisha na kugawanya kwa 5, ya kwanza inapata wastani wa 15 na ya pili 14. Hapo wengi hufunga daftari na kununua ya kwanza.

Usifunge bado. Angalia kila msimu ulikaa umbali gani na wastani wake. Kwa mbegu ya kwanza, 18 imezidi kwa 3, 9 imepungua kwa 6, 22 imezidi kwa 7, 6 imepungua kwa 9 na 20 imezidi kwa 5. Tunachotaka ni umbali tu, kwa hiyo alama ya kutoa itupwe. Ukiibakiza, ziada na pungufu zitafutana na jibu litakuwa sifuri kila mara. Jumla ya umbali ni 30, gawanya kwa 5 upate 6. Huo ndio wastani wa mkengeuko. Kwa mbegu ya pili umbali ni 1, 1, 2, 2 na 0: jumla 6, mkengeuko 1.2.

Sasa linganisha. Mbegu hizi zimepishana gunia moja tu kwa wastani, ilhali mavuno ya ile ya kwanza hupanda na kushuka kwa magunia 6 hivi. Gunia moja ndani ya yumbayumba hiyo si ushahidi wa kuapia. Zingepishana magunia 12, mara mbili ya mkengeuko huo, tungekuwa na la kuzungumza. Mwenye mkopo wa pembejeo na ada ya Januari, kwa maoni yangu, apande ya pili. Ya kwanza ni ya mwenye akiba ghalani, anayeweza kustahimili msimu wa magunia 6.

Hesabu hii huharibika upesi takwimu zikichanganywa. Gunia la mahindi la kilo 90 lililozoeleka Kenya si sawa na la kilo 100, na lumbesa ndiyo kabisa haina kipimo, basi andika kilo. Kwenye maeneo ya mvua mbili, vuli na masika ziwe na kurasa tofauti. Mvua za vuli hubadilika zaidi mwaka hadi mwaka, hasa kwa sababu ya El Niño na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Vuli za 1997 na 2019 zilileta mafuriko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Misimu mitano pia ni michache, na msimu mmoja wa ajabu huvuta wastani na mkengeuko kwa pamoja. Usiufute. Andika pembeni kilichotokea: viwavijeshi, mvua kukatika mahindi yakitoa mbelewele, au mbolea kufika wiki tatu baada ya kuhitajika. Kama ni mbolea, mbegu haina kosa.