Hospitali za Ubingwa Zinaongezeka: Je, na Ajira?



Ijumaa moja baada ya swala, dada mmoja wa mwaka wa pili wa uuguzi aliniuliza: "Kaka, baba ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada yangu. Nikimaliza, kazi ipo? Naona hospitali binafsi zinafunguliwa kila upande." Kumwambia "ipo inshallah" na kuondoka kusingemsaidia. Somo hili ni jibu langu kwake, na kwa kila mwenye swali kama lake.

Kwanza, tujue tunazungumzia nini. Hospitali ya ubingwa ni ile inayoshughulikia aina moja ya maradhi au kundi moja la wagonjwa. Hapa Uganda mifano tunayo. Mbale kuna CURE, ya watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Kisubi, njia ya kwenda Entebbe, kuna CoRSU, ya upasuaji wa mifupa na viungo kwa watu wenye ulemavu. Bukoto, Kampala, kuna hospitali ya wanawake ambayo mwaka 2004 ilisaidia kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza nchini kwa njia ya kupandikiza mimba. Mbili za mwanzo haziendeshwi kwa faida na hutegemea sana wafadhili. Ya tatu hutegemea malipo ya wagonjwa. Tofauti hiyo ishikeni, tutairudia.

Pili, kazi inazaliwa wapi? Wengi wetu tunamwona daktari bingwa peke yake. Pale Mbale, Dkt. Benjamin Warf kutoka Marekani alianzisha njia ya kuwatibu watoto wenye maji kichwani kwa kutumia kamera nyembamba, na watoto wengi wakaepuka kuwekewa mrija wa kudumu. Lakini kamera hiyo inahitaji fundi wa kuitunza na mtu wa kuitakasa. Mtoto mchanga anahitaji mtaalamu wa dawa za usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mpiga picha, mtu wa maabara na mfamasia. Akiruhusiwa, lazima awepo wa kumfuatilia nyumbani. Nyuma yao kuna mhasibu, mtunza kumbukumbu na wa kompyuta. Kwa hiyo somo hili si la wanafunzi wa udaktari tu.

Tatu, jengo jipya si lazima liwe ajira mpya. Nina sababu nne. Moja, mabingwa ni wachache na wanagawanwa: asubuhi yuko hospitali ya serikali, jioni yuko ya binafsi. Ni mtu yuleyule, nafasi haijaongezeka. Mbili, nani analipa? Wengi wetu tunalipa kutoka mfukoni. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa, lakini haukuwa sheria. Bila bima, wanaoweza kulipa ni wachache, na hospitali nyingi hujikusanya Kampala waliko hao. Tatu, misaada hukatika. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wafanyakazi wa afya nchini walipoteza kazi. Nne, ahadi huchelewa. Mwaka 2019 Bunge liliidhinisha dhamana ya hadi dola milioni 379 kwa hospitali ya ubingwa ya vitanda 264 huko Lubowa, kisha miaka ikapita ujenzi haujakamilika. Aliyesoma akisubiri jengo lile alisubiri sana.

Hata hivyo sikati tamaa. Sensa ya 2024 ilituhesabu karibu milioni 46. Saratani, kisukari, figo na moyo vinahitaji huduma ya miaka, si ya siku moja. Kwa maoni yangu ajira zitakua, ila polepole, na zaidi katika nafasi za kati: usingizi, chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, mashine za figo, na mafundi wa vifaa tiba.

Nne, jilinde. Kazi yangu ya kwanza, baada ya diploma ya dawa za usingizi, ilikuwa katika hospitali binafsi ambayo sitaitaja. Niliambiwa, "Anza kwanza, karatasi zitafuata." Nilifanya kazi miezi mitano, miwili sikulipwa, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandikiana deni. Nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, lakini siku ile sikuifuata. Kabla ya kuanza kazi uliza: Mkataba uko wapi? Mshahara unatoka kwa wagonjwa, bima au mfadhili? Mfadhili akiondoka itakuwaje? Nitafundishwa ujuzi gani nitakaoondoka nao?

Tano, tusisahau nia. Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kifaya, akalalamika kwamba watu walijazana katika fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo yenye wodi za homa, za macho na za upasuaji, kila moja mbali, na mishahara ikilipwa na wakfu. Sisi leo tunachangia misikiti, na ni vizuri. Lakini shamba moja la wakfu linaweza kulipa wauguzi wawili mwaka mzima, hata mfadhili wa mbali akifunga mkono.

Sasa nikujibu, dada yangu. Kazi ipo, lakini haikusubiri mlangoni. Maliza uuguzi wa jumla, jisajili kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga, fanya wodi ya kawaida miaka miwili, hata wilayani. Kisha chagua ujuzi mmoja ambao hospitali hukosa mtu wake, uusomee. Na mkataba usome mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Ng'ombe wa baba hawakuuzwa bure.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.