Jasho la Mgeni

SOMO LA JUMA: Kazi, Karatasi na Mshahara

Kusoma nyumbani mbele ya somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Walawi 19:33-34, Warumi 13:1-7, Yakobo 5:1-6.



Kuna neno linaloleta mashindano kati ya waamini. Mgeni anavuka mpaka wa nchi bila viza, bila karatasi ya kukaa. Anaomba kazi: kukata pori, kupakia mizigo katika mtumbwi, kusukuma kinga iliyojaa mchele mpaka Kisangani. Mkristo anampa kazi ile. Wengine wanasema: amevunja sheria ya Leta. Wengine wanasema: ametenda huruma. Tutazame neno hili polepole, maana pande zote mbili zinasoma Biblia moja.

I. LETA INA HAKI GANI?

Mtume Paulo anatufundisha kutii mamlaka. Kila nchi inachunga mipaka yake. Kwetu Kongo, DGM ndiyo inayotazama karatasi za wageni, na mgeni anayeajiriwa anapaswa kuwa na karta ya kazi. Sheria hiyo si mbaya. Inamlinda kijana wa hapa asikose kazi kwa sababu mwingine amekubali bei ya chini kabisa. Inamlinda hata mgeni mwenyewe, maana mtu asiyeandikwa popote anaweza kupotea bila kuulizwa.

Tena kosa si la mfanyakazi peke yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 ya kumwadhibu mwajiri anayeajiri kwa kujua mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi. Basi anayesema, “Mimi sina neno, ni yeye asiye na karatasi,” anajidanganya. Mikono miwili imeshika jembe moja.

Lakini tusichanganye mambo. Mkimbizi aliyekimbia vita ana njia yake. Kongo ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 2002, na tume iitwayo CNR inapokea maombi yao. Sisi wa Ubundu hatuhitaji kufundishwa mkimbizi ni nani. Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda walitoka Tingi-Tingi, wakavuka mto hapa, wakafwata reli mpaka Biaro na Kasese. Wengi walikufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa silaha. Mtu wa namna ile hapimwi kwa viza.

II. SISI PIA TULIKUWA WAGENI

Torati inawakumbusha Waisraeli tena na tena kwamba wao nao walikaa ugenini Misri. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyeshiba anasahau upesi.

Sisi tukumbuke nini? Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani hakuruhusiwa kukaa mbali na kwao zaidi ya siku 30 bila pasipoti ya kuhama. Katika nchi ya babu zake aliweza kufungwa kwa kukosa karatasi! Tena wale waliofwata manabii waliondolewa vijijini mwao kwa nguvu, wakatupwa mbali, na Ubundu hii ilikuwa na kambi moja la watu wa namna hiyo. Baba zetu wa imani walifika hapa wakiwa wageni wasiotakiwa.

Na siku hizi? Mwaka 2014 Brazzaville ilifukuza watu wetu zaidi ya 100,000. Mwezi wa 10 mwaka 2018, Wakongomani zaidi ya 300,000 walirudi kutoka Angola, kutoka nchi ya almasi, wakapitia Kamako na mipaka mingine ya Kasai. Wengi walikuja na mzigo wa kichwani tu. Tulilia juu yao, na tulifanya vema. Basi namna gani tutamtendea mwingine lile tulilolilia?

III. DHAMBI IKO WAPI?

Mimi ninayeandika somo hili nina neno la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja asiye na karatasi alinikatia pori la shamba la mpunga siku tisa. Tulipatana bei. Siku ya kulipa nikampa nusu, nikasema, “Ingine utapata baadaye.” Nilijua hatanishitaki. Angekwenda kwa nani? Asubuhi nikakuta ameondoka. Panga langu alikuwa ameliacha mlangoni, amelinoa vizuri. Sijamwona tena. Mpunga ule ulizaa sana, tukaula nyumbani mwangu. Nusu ya mshahara wake ilikuwa ndani ya sahani yangu.

Dhambi yangu haikuwa kumpa kazi tu. Niliununua woga wake kwa bei rahisi. Torati inaagiza maskini alipwe siku ileile, mbele ya jua kushuka, awe ndugu ao mgeni. Yakobo anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anausikia. Hata mataifa, katika mapatano ya mwaka 1990 juu ya wafanyakazi wahamiaji, yalisema kwamba kukosa karatasi kwa mfanyakazi hakumwondolei mwajiri wajibu wake.

Kwa hiyo kuna madeni mawili: moja kwa Leta, lingine kwa mfanyakazi. La kwanza halifuti la pili.

IV. TUFANYE NINI?

1. Mbele ya kazi, umwulize mgeni habari ya karatasi zake. Kama hana, umwonyeshe ofisi. Ukiweza, uende naye.

2. Usimwajiri kwa siri. Mtu atauliza: “Karatasi ni bei kali, je, alale njaa?” Swali hili ni gumu. Jibu ni hili: mpe chakula na mahali pa kulala bila kumdai kitu. Huruma ya kweli inatoa, haifanyi biashara.

3. Kama amekwisha kufanya kazi, umlipe yote, sawasawa na mtu wa hapa.

4. Usimtishe kamwe kwa jina la DGM ao la polisi ili anyamaze. Huko ni kuiba kwa mkono wa Leta.

5. Usitafute karatasi za uwongo, wala usitoe matabishi ili macho yafumbwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Je, kuna mtu, mgeni ao mwenyeji, ambaye unazuia mshahara wake leo?

2. Mtoto wako akiwa Angola bila karatasi, ungetaka bwana wa kazi amtendee nini?

3. Waamini wa mahali petu wanaweza kumsaidia mgeni namna gani bila kuvunja sheria?

Tuombe: Ee Bwana, utusafishe mikono kabla hatujainyosha kukusifu. Amina.