Askari wa Burma na Mwendo wa Baiskeli

SWALI: Katika kundi letu la waendesha baiskeli yuko mzee adaiye kwamba alipigana Burma pamoja na KAR (King's African Rifles, jeshi la Afrika Mashariki chini ya Waingereza), na kwamba hata sasa hukata maili 30 kwa saa moja. Mwenziwe amkadhibisha kwa yote mawili. Tumsadiki nani?

JIBU: Ndugu msomaji, uwongo wa dai moja haulibatilishi la pili. Kuhusu vita, msitosheke na nishani, kwani Nyota ya Burma ilitolewa na serikali ya Uingereza pasi na kuchorwa jina la mwenyewe, hata aweza kuinunua sokoni mtu asiyepata kushika bunduki maishani. Bali mwombeni kwa adabu cheti chake cha kutoka jeshini, kisha msikilize asimuliavyo matope ya bonde la Kabaw, walikopita askari wetu mwaka 1944. Ama mwendo, hesabu yatosha: bingwa wa baiskeli Eddy Merckx wa Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 27, alikwenda kilomita 49.4 kwa saa mwaka 1972, juu ya baiskeli nyepesi mno isiyo na breki. Na maili 30 ni kilomita 48 na ushei. Mzee wenu, na keria yake na madigadi, hakuzikata. Uaskari wake ungali waweza kuwa kweli.